Siku Taratibu Alipompasulia Rula

Benchi la Soli fundi viatu lina miguu mitatu na tofali, na kusema kweli tofali ndilo linalofanya kazi. Limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la nyaya na balbu, pale barabara inapokata kona kuelekea viwandani, na jioni likishajaa hupati pa kuchomeka hata goti. Soli mwenyewe hakai benchini. Hukaa kwenye kigoda, kiatu cha mtu katikati ya magoti, misumari midogo mdomoni, ndiyo maana maneno yake ni machache na hutokea pembeni. Upande wa tofali hukaa Wakili, ambaye sheria hakuisomea popote. Aliitwa kutoa ushahidi mahakamani asubuhi moja, akapenda kiyoyozi, na tangu hapo hakuna jambo asilolitolea hukumu. Katikati hukaa Kipaza, aliyekuwa akitangaza sabuni kwenye gari la matangazo. Gari liliuzwa, sauti ikabaki naye. Mbele yao, na jiko lake la mkaa, Shangazi humimina kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini jaribu kumjibu ovyo uone. Na mwisho kabisa, ukingoni, nusu amekaa nusu amening'inia, hukaa Taratibu, mkataji wa kiwanda cha maboksi, mtu mzima mpole ambaye akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye.

Jioni ninayoisema, Taratibu alikuja mapema, jua bado linauma, kopo lake la chakula kwapani halijafunguliwa, akaketi mahali pa Wakili. Pale pale juu ya tofali. Wakili alipofika akasimama mbele yake, akatazama angani, akatazama chini, akajikohoza.

— Leo jua limehamia upande huu, alisema Wakili. Litakuumiza macho, ndugu yangu.

— Kama unataka nafasi yako, sema nataka nafasi yangu.

Soli akatema misumari mkononi. Shangazi akaacha kupepea mkaa. Katika miaka yote ya benchi lile, hakuna aliyewahi kumsikia Taratibu akimaliza sentensi bila kutia "kama haitakuwa usumbufu". Wakili aliketi ukingoni kama mgeni, akashika benchi kwa mikono miwili asianguke.

— Umekuwaje wewe? Shangazi aliuliza.

— Nimeacha kazi. Au kazi imeniacha mimi. Bado sijajua.

Kabla mtu hajasema kitu, simu yake ikaanza kuunguruma juu ya ubao. Kipaza, ambaye macho yake hayana adabu, akainama akasoma jina.

— Rula, alisema.

Taratibu akaifudikiza simu. Ikaunguruma ikachoka.

Huyo Rula kijiwe kizima kilimjua bila kumwona. Ndiye meneja mpya wa kiwanda cha maboksi, mhandisi, mwanamke kijana aliyeletwa na wenye mali kutoka kwao mbali, ambako watu, kwa maelezo yake mwenyewe, huambiana ukweli usoni halafu wakaenda kula pamoja. Kiswahili alikisoma darasani akakijua. Maneno anayo yote. Anachokosa ni ule mto unaowekwa chini ya maneno ili yasimgonge mtu. "Hii mbovu. Rudia." "Umechelewa. Kwa nini?" Hakuna pole na kazi, hakuna samahani mzee wangu, hakuna hata bwana wee. Wafanyakazi wakamwita Rula, kwa kuwa kila kitu kwake ni mstari, na Taratibu kila jioni alikuwa akileta kijiweni kipya alichokisema, wenzake wakaguna, wakanywa kahawa, wakalala vizuri kwa sababu hawakuambiwa wao.

— Eleza vizuri, alisema Wakili. Kwa mpangilio. Anza na saa.

— Saa sikutazama. Asubuhi katukusanya wote mbele ya mashine ya kukata. Anasema, mimi nimechoka. Nikiuliza mnasema hakuna shida, kumbe shida ipo. Leo nataka mtu aseme wazi. Hakuna atakayeadhibiwa. Semeni.

— Mtego huo, alisema Wakili.

— Watu wote wakatazama viatu vyao. Na mimi nilitazama vyangu, siwezi kujisifu hapa. Halafu nikatia mkono mfukoni nikakutana na hiki.

Akakitoa akakiweka juu ya kopo lake. Kilikuwa kidole cha glavu, kidole tu, kimekatwa safi. Kipaza akasogea nyuma.

— Kitupu hicho, Taratibu alisema. Ni glavu ya Mama Pacha, mwenzangu wa meza. Kile kisu cha mashine, ukiachia pedali kinatakiwa kisimame hapohapo. Siku hizi hakisimami. Kinashuka kwanza, ndiyo kinasimama. Juzi kilishuka na glavu. Kidole chenyewe alikuwa amekikunja ndani, kilikuwa kinamuwasha. Kingekuwa hakimuwashi, leo tungekuwa hospitali tunambembeleza.

— Na bosi hamkumwambia? Shangazi aliuliza.

— Tulimwambia. Hakuna ambaye hakumwambia. Mimi nilimwambia, madamu, ile mashine siku hizi ina mambo yake. Mama Pacha akamwambia, tunaenda nayo hivyohivyo tu. Fundi wa zamu akamwambia, itafaa kuangaliwa siku ikipatikana nafasi.

— Si mmemwambia kabisa, alisema Soli. Mtu mzima hapo anaenda kuzima umeme mwenyewe.

— Mimi ukishaniambia kitu kina mambo yake, alisema Kipaza, hata barabara yake sipiti.

— Yeye alisema, sawa, vizuri. Akashika njia yake.

Kijiwe kilicheka, lakini Taratibu hakucheka. Alikuwa anakisokota kile kidole cha glavu, na moyoni hasira ya asubuhi ilikuwa bado mbichi. Na hapa lazima nikueleze jambo moja juu ya huyu bwana, maana bila hilo utamhukumu vibaya. Taratibu hajawahi kumwambia mtu neno la wazi tangu alipojua kusema. Shemeji yake alikaa kwake kama mgeni mpaka akahamishia kitanda chake hapo, na Taratibu alichofanya ni kumuuliza kila asubuhi kama huko kwake mvua imeshaanza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "sema wazi", hana kipimo. Anayeongea wazi kila siku anajua pa kuanzia na pa kuachia. Taratibu alifungua kizibo akamwaga pipa zima.

— Nikatoka mbele, alisema. Nikamchana.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia, mashine yako ni mbovu na itakata mtu.

— Safi.

— Nikamwambia, unatufokea mbele za watu kama watoto wako, na humu kuna wenye wajukuu.

— Safi kabisa. Mimina kahawa, Shangazi, alisema Kipaza.

— Nikamwambia, mimi ni rika la baba yako, kila asubuhi unanipita mlangoni kama unakimbia mvua, shikamoo hujawahi kunipa hata ya bahati mbaya. Kwenu mnaamkia nani, milango?

— Vidonge vyake hivyo, alisema Soli. Ameze.

— Nikamwambia, na chakula chako unakula peke yako, umesimama, kama farasi.

Soli akainua macho kutoka kwenye kiatu.

— Farasi? aliuliza Wakili.

— Lilikuja lenyewe. Nikamwambia na mafuta unayojipaka yananuka kama vanishi, tukikata maboksi tunadhani tuko kwa seremala.

— Hilo la mafuta ungeliacha, alisema Shangazi.

— Yeye alisema semeni wazi. Hakusema wazi kiasi gani.

— Halafu?

— Halafu nikachukua kopo langu nikaondoka. Ninyi mlitaka nikae nifanye nini?

Hilo hakuna aliyelipinga. Mtu akishatamka maneno ya uzito ule, hana kingine isipokuwa mlango. Hata mtoto mdogo anajua.

Simu ikaunguruma tena, ikajizungusha yenyewe juu ya ubao kama mende aliyelala chali. Wote wakaitazama.

— Usiipokee, alisema Wakili. Nakwambia kama mwanasheria.

— Wewe si mwanasheria, alisema Shangazi.

— Kama mtu aliyezoea mahakama. Sikiliza. Huyu anarekodi. Ukisema haloo, umekubali kwamba wewe ndiye wewe. Ukishakuwa wewe, kesi imekwisha. Na ule mkutano wote ulikuwa wa kumtafuta mtu mmoja mwenye mdomo, wamtoe, wengine wanyooke.

— Wapi, alisema Kipaza. Hamjui hawa watu. Tatizo ni hali ya hewa. Kwao kuna baridi. Ukifumbua mdomo muda mrefu ulimi unaganda. Sasa utamwambia mtu "samahani mzee wangu naomba nikusumbue kidogo kama hutojali" saa ngapi? Utafika kwenye kujali umeshakufa. Ndiyo maana wanatema neno moja, mdomo wanafunga. Sisi huku joto limetupa nafasi ya kuzunguka.

— Na kiangazi je? aliuliza Soli. Kwao hakuna kiangazi?

— Kiangazi wanakuwa wameshazoea.

Wakati huo mwanamke mmoja alisimama mbele ya Soli, mgeni pale, mfuko wa sokoni begani, akavua kiatu cha kulia kilichokatika ukanda, akampa. Soli akamtupia kipande cha boksi akanyagie mguu mtupu. Akasimama pale na kiatu kimoja, akingoja. Hakuna aliyemjali.

— Huyo Rula mimi nimemwona viatu, alisema Soli, akiuvuta uzi. Alipita hapa siku ile mvua imenyesha. Bapa. Hakuna kisigino hata cha kudanganyia. Mtu anayevaa bapa maisha yake yote mguu wake haujui mlima wala bonde, na maneno yake yatakuwa hivyohivyo. Mtafutieni viatu vya kisigino, kufika Ijumaa atakuwa anasema samahani.

— Usinitajie Ijumaa, alisema Taratibu.

Walikuwa wanaijua habari ya Ijumaa, lakini kwa kuwa walikuwa na hasira nayo waliidai upya. Rula aliuliza kama mzigo wa maboksi ya mteja mkubwa utakuwa tayari Ijumaa. Mmoja akamjibu, tutajitahidi. Mwingine akamjibu, tutaona. Taratibu akamjibu, hakuna shida. Rula akampigia mteja akamwambia aje na gari. Ijumaa gari lilikuja likasimama uani, tupu, dereva akalala ndani yake mpaka jua likazama, na Rula akapita meza kwa meza akiwaambia watu wazima, mmoja mmoja, "Umenidanganya."

— Nani alimdanganya? Taratibu aliuliza, na sauti yake ilipanda mpaka mtu wa duka la balbu akachungulia. Tulimwambia hapana. Watu wote tulimwambia hapana, kwa heshima, ili asiumbuke. Tutajitahidi ni hapana. Tutaona ni hapana. Hakuna shida, tena ukiisema haraka hivi, ni hapana kubwa kuliko zote. Yeye ndiye hakusikiliza, halafu mwongo niwe mimi.

— Imeniuma hiyo, alisema Shangazi. Kumwita mtu mzima mwongo.

— Iliniuma mpaka kwenye mbavu, alisema Taratibu.

Basi moto ukawaka. Kipaza alisema kesho atakwenda kusimama getini atangaze kwa sauti yake yote, tena bure, kwamba kiwanda hiki kinakata vidole. Wakili alisema wafungue kesi ya mafuta, harufu nayo ni ushahidi, apelekwe seremala akanuse mbele ya hakimu. Soli alisema habari za uhakika ni kwamba huko walikotoka hawa wana shule ya kutukana, mtoto anaanza na wazazi wake, akifaulu anapewa walimu, mwisho wake ndiyo anapewa kiwanda. Kila mmoja alipomaliza alimtazama Taratibu aone kama amepanda daraja.

Halafu Wakili, ambaye moyoni ni mwoga, akabadilisha sauti.

— Lakini pia kuna njia ya kiutu uzima. Tunakwenda watu wawili, watatu. Tunamwambia, huyu bwana alikuwa na homa. Alivyosema haikuwa yeye, ilikuwa homa. Hapo wewe hujaomba radhi na yeye amepata radhi. Kazi unarudi, mambo yanaisha.

Jana yake Taratibu angeipokea hiyo homa kwa mikono miwili. Ni njia nzuri. Yeye mwenyewe amewaombea watu wengi homa ya namna hiyo. Alifikiri mke wake atakavyomtazama akirudi na kopo lililojaa, alifikiri umri wake na viwanda vingine vinavyotaka mikono ya vijana, na bado kitu ndani yake kilikataa kuinama.

— Sikuwa na homa, alisema. Nilikuwa na akili zangu zote, nikamwambia mashine itakata mtu. Nikisema ilikuwa homa, basi na mashine ilikuwa homa. Sifuti. Hata neno.

— Hata la farasi?

— Hata la farasi. Nikifuta moja watafuta yote.

— Mwanaume huyo, alisema Kipaza. Mimi ndivyo nilivyo. Mimi uniambie ukweli hapahapa usoni, sinuni.

— Hununi wewe? aliuliza Soli.

— Sinuni. Na wewe, ukweli ni kwamba soli ulizonibandikia ziling'oka nikiwa kwenye mazishi. Nilimzika mtu huku nimebana vidole.

Soli akaweka nyundo chini.

— Kwa nini hukuniambia?

— Nilikwambia. Nilikwambia siku hizi gundi za madukani si kama za zamani.

— Sasa na mimi nikwambie. Lile gari la sabuni waliliuza kwa sababu watu walikuwa wanafunga madirisha likipita. Na mimi nilikuwa nafunga.

— Tulieni, jamani, alisema Wakili.

— Situlii, alisema Kipaza, na mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Kama ni siku ya ukweli, iwe ya ukweli. Hata hii kahawa imeungua. Tangu Shangazi abadilishe birika tunakunywa majivu hapa, na kila mtu anasema tamu.

Aisee. Ungesikia mkaa ukilia kwenye jiko. Wakili alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna mtu alidondokea humo. Soli alirudisha misumari yote mdomoni kwa mara moja. Shangazi hakufoka, na heri angefoka. Alichukua kifuniko cha birika, akakibana, akaliondoa birika jikoni akaliweka nyuma ya miguu yake, akakunja mikono.

— Nani mwingine imemuungulia? aliuliza.

— Mimi naona ina ladha ya kukomaa, alisema Wakili.

— Soli?

Soli akaonyesha misumari iliyojaa mdomoni.

— Taratibu?

Taratibu alitaka kujibu. Tangu asubuhi alijiona mtu aliyevuka mto wa kuogopa, na sasa swali dogo la kikombe lilimrudisha ng'ambo ile ile. Akatazama viatu vyake. Shangazi alimwona anavitazama, na Taratibu aliona aibu kuliko alivyoiona mbele ya kiwanda kizima.

— Vizuri, alisema Shangazi. Jioni nzima mmempasulia mtoto wa watu, na mimi mnanilisha uongo na sukari juu. Leo hamnywi.

Hakuna kitu kizito kama benchi la watu wasio na kikombe mkononi. Walikaa. Na simu ikaunguruma tena, mara hii muda mrefu, na hakuna aliyekuwa na nadharia.

Ndipo yule mwanamke mwenye kiatu kimoja, aliyekuwa amesimama kwenye boksi muda wote ule, akasema kwa utulivu tu, kama anayeulizia bei.

— Samahani, wazee wangu, mimi nimesikiliza tu kwa kuwa niko hapa. Ulipomaliza kumwambia, yeye akajibu nini?

— Nani? aliuliza Taratibu.

— Huyo bosi wako.

Wakili akamtazama Kipaza. Kipaza akamtazama Soli. Soli akamtazama Taratibu. Walikuwa wamemshtaki Rula, wamempeleka shule, wamemvalisha viatu, wamempaka vanishi, na hakuna mmoja wao aliyeuliza hilo.

— Sikusubiri, alisema Taratibu.

— Hukusikia kabisa?

— Aliita jina langu nikiwa karibu na geti. Sikugeuka.

Mwanamke akatikisa kichwa, si kwa ubaya, akarudi kutazama kiatu chake kinavyoshonwa. Lakini Taratibu tayari alikuwa ameshikwa. Hapa kwetu mtu husema maneno makali akaondoka, na kuondoka ndiyo nukta yake. Lakini Rula alisema kwao wanaambiana, halafu wanakula pamoja. Kwa hiyo labda kwake yeye yale maneno yalikuwa ndiyo mwanzo wa mazungumzo, na mtu wa kuzungumza naye alibeba kopo akapotea. Na ile mashine ilitajwa ya kwanza kabisa, ikafunikwa na farasi, ikafunikwa na mafuta. Ni lipi alilolisikia? Je, kama alilolisikia ni mafuta tu?

Halafu likaja kubwa zaidi. Mama Pacha wiki hii yuko zamu ya jioni. Yuko mezani sasa hivi. Na glavu ile ile, isiyo na kidole.

Alikitazama kidole cha glavu juu ya kopo. Alikuwa ameondoka nacho mfukoni. Alimchana bosi, akaondoka na ushahidi, akamwacha mwenzake na kisu.

Simu ilikuwa bado inaunguruma.

— Ukipokea umekwisha, alisema Wakili, lakini sauti haikuwa na nguvu.

— Sifuti neno, Taratibu alisema. Msije mkasema nimefuta.

Akaipokea. Akaibana sikioni kwa mikono miwili. Benchi zima lilimwegemea mpaka tofali likalia.

— Haloo, alisema. Ndiyo. Ni mimi.

Akasikiliza. Macho yakamtoka kidogo.

— Anasemaje? Kipaza alinong'ona, na mnong'ono wake ulivuka barabara.

Taratibu akaziba simu kwa kiganja.

— Ananiamkia.

— Anasemaje?

— Kasema shikamoo. Halafu kanyamaza. Nadhani anangoja.

— Mjibu basi, alisema Shangazi. Mtu haachwi na shikamoo mkononi.

Taratibu akajiweka sawa juu ya tofali. Aliondoa kiganja.

— Marahaba, alisema. Marahaba, madamu. Lakini mimi sifuti hata neno, nakwambia mapema. Ile mashine itakata mtu. Na Mama Pacha yuko pale sasa hivi.

Kule upande wa pili sauti ilikuja imenyooka vilevile, haina mto, haina kona, na hata kijiwe kilisikia mlio wake ingawa hakikupata maneno. Haikuchukua muda. Simu ikakatwa, bila kwaheri.

— Anasemaje sasa?

Taratibu aliiweka simu juu ya ubao, safari hii uso juu.

— Anasema mafuta yake haachi.

— Eeh?

— Anasema ni ya bei kubwa, na pua ni yangu, hiyo ni shida yangu mwenyewe. Na kula kwa kusimama, anauliza mnamkaribisha lini akae. Na nilikosea kuondoka kabla ya zamu kuisha, amekasirika kwa hilo. Anasema ananiambia ili nijue.

— Na kazi? aliuliza Wakili. Amekufukuza au hakukufukuza?

— Kazi hakuitaja. Mashine kaizima. Aliizima asubuhi, nilipokuwa bado sijafika getini. Alikuwa ananiita nirudi nimwonyeshe inavyoshuka. Kesho niende nimwonyeshe, na hiki kidole nakwenda nacho.

Soli alikata uzi kwa meno, akampa mwanamke kiatu chake. Akakivaa, akakanyaga mara mbili kukijaribu.

— Ukanda umeshika, alimwambia Soli, lakini umeushona umepinda.

Akaaga, akaenda zake. Soli alimtazama mpaka alipokata kona.

Taratibu alisimama kutoka kwenye tofali.

— Wakili, kaa mahali pako, alisema. Nimekaa kwa makusudi na ulikuwa unaning'inia, nikakuona.

Kisha akakiokota kikombe chake kitupu, akaenda nacho mpaka mbele ya Shangazi, ambaye bado alikuwa amekunja mikono na birika liko nyuma ya miguu. Aliogopa kuliko asubuhi mbele ya Rula. Huyu ni mtu wake. Huyu ndiye atakayemwona kesho na keshokutwa.

— Shangazi, alisema. Imeungua.

Shangazi alimtazama. Taratibu hakuondoka. Alibaki amesimama palepale, kikombe mbele, akingoja atajibu nini.